AMANI, FUJO NA MULEMBE: SHERIA ZA UTULIVU KATIKA KITALE NA BUNGOMA

Kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinataja kosa ambalo katika mahakama za mahakimu, Kitale na Bungoma kama kwingineko nchini, limezoeleka kwa jina fupi: kufanya fujo. Adhabu yake haizidi kifungo cha miezi 6. Jina hilo fupi ni la karani anayefasiri, si la sheria. Sheria yenyewe, iliyoandikwa kwa Kiingereza, hairidhiki na fujo peke yake. Yataka fujo iwe ya namna inayoelekea kusababisha uvunjaji wa amani. Mna basi mambo matatu ndani ya kosa moja: tendo la fujo, amani inayoweza kuvunjwa, na uelekeo wa tendo lile kuivunja amani hiyo. Karani asemapo "unashitakiwa kwa kufanya fujo", mambo mawili ya mwisho hubaki karatasini. Makala haya yanayafuatilia mambo hayo mawili katika historia ya nchi iliyo baina ya mto Nzoia na mlima Elgon, ambako watu wamefungwa, wamehamishwa na wengine kuuawa kwa sababu ya swali moja ambalo mahakama haikuliuliza: amani inayosemwa kuvunjwa ilikuwa ya nani?

Yafaa kuanza na maneno. Katika sheria ya kale ya Uingereza amani ilikuwa mali ya mfalme. Aliyepigana njiani hakumkosea jirani yake tu, alimkosea mfalme mwenye njia na mwenye amani ya njia. Neno la Kiswahili, amani, limetoka katika Kiarabu, na humo lina maana ya usalama anaopewa mtu na mwenye nguvu: mgeni hupewa amani ya kupita, adui aliyeshindwa huomba amani. Kwa hiyo amani ya Kiswahili, japo si ya mfalme, nayo ina mtoaji na mpokeaji. Lubukusu, lugha ya wakazi wengi wa Bungoma na ya wengi katika Trans Nzoia, kina neno mulembe. Hili nalo hufasiriwa kuwa amani, lakini matumizi yake ya kwanza ni salamu. Hutolewa likajibiwa. Hakuna aliyepanda juu akaligawa, wala hakuna anayeweza kulishika peke yake. Likikosa jibu, halikukamilika. Si haki kujenga falsafa nzima ya kabila juu ya salamu, na wako wanaisimu waliokwisha kuionya tabia hiyo. Hata hivyo tofauti ya maneno haya matatu si ndogo kwa mtu aliyesimama kizimbani. Aambiwapo amevunja amani, anasikia lipi kati yake?

Kiswahili kilifika sehemu hizi kwa misafara ya biashara iliyopitia kwa Mumia wa Wanga, na misafara hiyo ilibeba pia bunduki. Mwaka 1895, kufuatia mapigano baina ya Wabukusu na askari wa serikali waliokuwa wamefuata bunduki, utawala mpya wa Waingereza ulioongozwa na C. W. Hobley kutoka Mumias ulituma jeshi. Wabukusu walijihami katika ngome zao za udongo za Lumboka na Chetambe, na zote mbili zikaanguka. Katika taarifa za utawala, vita hivyo vilikuwa ndio mwanzo wa amani. Katika masimulizi ya Bungoma, Chetambe ni mahali pa mauaji. Mgongano huo wa kusimulia ulikaa kimya kwa muda wa miaka 50 na zaidi, kisha ukarudi, kama itakavyoonekana.

Amani iliyopatikana kwa bunduki ilihitaji walinzi wa bei nafuu. Sheria ya mwaka 1902 iliwafanya wakuu wa vijiji kuwa wenye dhamana ya utulivu na ya barabara katika maeneo yao; sheria ya mwaka 1912 iliwaongezea madaraka ya kutoa amri juu ya pombe, silaha na mikusanyiko. Katika nchi ya Wabukusu jambo hili lilikuwa na uchungu wa pekee, kwa kuwa miongoni mwa waliotawazwa juu yao walikuwamo Wawanga, akiwamo Murunga, ndugu yake Mumia, aliyewekwa Kimilili. Wabukusu walikuwa na omukasa wao, mzee aliyesuluhisha magomvi kwa kuwa watu walimsikiliza. Chifu alisikilizwa kwa kuwa nyuma yake walikuwapo askari. Hata neno baraza lilipinda. Huko pwani ni kiti cha mawe nje ya nyumba, ambapo wenye nyumba na wapitao hukaa wakazungumza. Huku bara likawa mkutano unaoitishwa na chifu, ambao mtu hukemewa asipouhudhuria na huweza kushitakiwa akisema vibaya humo.

Juu ya sheria hizo za wakuu ilikuwapo sheria kubwa ya jinai. Tangu mwaka 1897 ilitumika Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotungwa mwaka 1860. Mwaka 1930 iliondolewa, ikaletwa kanuni mpya ambayo mizizi yake ni ile ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Maneno yaliyotungwa kwa ajili ya koloni la wafuga kondoo na wachimba dhahabu yalikuja kutumika Malakisi na Endebess bila kubadilika sana. Watu watatu wakikusanyika kwa namna ya kuwafanya majirani waogope kwamba amani itavunjwa, huo ni mkusanyiko usio halali. Wakiwa 12 au zaidi, na afisa akihofu kwamba ghasia zi karibu kuanza, aweza kutoa tangazo la kuwaamuru watawanyike. Baada ya hapo nguvu zaruhusiwa. Sheria inasema tangazo litolewe kwa namna ambayo afisa ataiona inafaa. Haisemi litolewe kwa lugha gani. Kwa msomaji wa jarida la lugha, kimya hicho ni kizito kuliko maneno yote yaliyokizunguka.

Kitale ilikuwa na sura yake. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi, hasa baada ya mwaka 1919, serikali ilipowagawia mashamba askari wazungu waliotoka vitani, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926 mji ukawa soko la mahindi yao. Wabukusu wengi waliishi humo kama maskwota, wakifanya kazi kwa malipo kidogo na kwa ruhusa ya kulima na kufuga katika ardhi ambayo baba zao walichungia. Shambani utulivu haukungoja polisi. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1910 ilihesabu maneno ya matusi ya kibarua kwa mwajiri wake kuwa kosa la jinai. Bwana aliyemtukana kibarua hakuwamo katika orodha hiyo. Mtu aliyetoka shambani bila kibali alikutana na sheria ya kipande na sheria ya uzururaji. Hivyo, kabla hata ya mkutano wowote wa siasa, lugha ya mfanyakazi ilikwisha kuwekwa chini ya ulinzi, na hilo ni jambo ambalo wanahistoria wa ardhi wamelipita upesi mno.

Katika nchi hiyo ndimo alimotokea Elijah Masinde wa Kimilili. Alikuwa mcheza kandanda mashuhuri, akaichezea Kenya. Aliwahi pia kuwa mpeleka samansi wa baraza la hukumu la wenyeji, na habari hii haistahili kuachwa: mtu aliyekuja kuitwa mvunja amani mkuu wa wilaya alikuwa amezunguka vijijini akipeleka karatasi za kuwaita watu mahakamani. Alizijua nguvu za karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alianzisha Dini ya Msambwa, akiwataka watu wairudie ibada ya wahenga na wageni waiache nchi. Mwaka 1944, wakati wa vita, serikali ikihimiza amri za kilimo, ikiwamo ile ya kung'oa magugu, Masinde na wenzake walizikaidi na kupambana na waliotumwa kuzisimamia. Alifungwa. Mwaka 1945 akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi 1947.

Hapa sheria ya utulivu ilivuka mpaka wake. Mvunja amani hushitakiwa, huulizwa, hujibu. Mwendawazimu haulizwi, kwa kuwa jibu lake halihesabiwi kuwa jibu. Kwa kumpeleka Mathari utawala ulijiondolea kazi ya kusikiliza alichokuwa akisema, na bila shaka ulidhani kwamba watu wa Kimilili nao wangeacha kusikiliza. Hawakuacha.

Jina la kundi lake nalo lastahili kutazamwa. Neno la kwanza ni la Kiswahili chenye asili ya Kiarabu, la mwisho ni la Lubukusu, linalohusu mizimu ya wahenga na mahali pao. Jina hili liliweza kueleweka nje ya Bungoma, na kwa kweli lilivuka hadi kwa Wapokoti. Yalikuwapo mengine ya jinsi hiyo wakati ule, kama Dini ya Roho na Dini ya Jesu Kristo. Maafisa waliyaandika majina haya bila kuyafasiri, na polepole neno dini likaingia katika Kiingereza cha ofisi zao likiwa na maana mpya: kundi la hatari linalojifunika ibada. Mmisionari alikuwa na kanisa; Mwafrika alikuwa na "dini". Ni mara chache neno la Kiswahili limeazimwa kwa unyonge wa namna hiyo.

Septemba 1947, Masinde aliyetoka Mathari karibuni alikusanya watu huko Chetambe, karibu na Lugulu, kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Kwa kipimo cha mulembe hili lilikuwa tendo la kuziba pengo: wafu walikuwa hawajaombolezwa hadharani. Kwa kipimo cha Kanuni ya Adhabu ulikuwa mkusanyiko wa kuwatia watu hofu. Masimulizi mawili ya Chetambe yalikuwa yamekutana mahali pamoja. Serikali ilianza kumsaka. Tarehe 10 Februari 1948, umati wa wafuasi ulikwenda Malakisi; polisi wakaufyatulia risasi, na watu 11 wakafa. Ndani ya mwezi huohuo Masinde alikamatwa na Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku. Yeye akahamishiwa pwani, Lamu, huko kwenye chimbuko la lugha iliyompa jina la chama chake, na hakurudi kwao akiwa huru hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Marufuku haikuzima jambo. Katika Trans Nzoia mali za walowezi zilichomwa moto, na Aprili 1950, huko Kolloa katika Baringo, wafuasi waliokuwa na Lukas Pkiech walipambana na kikosi cha serikali. Walikufa wafuasi 29, akiwamo Pkiech mwenyewe, pamoja na maafisa watatu wa Kizungu na askari mmoja wa Kiafrika. Mwaka huohuo wa 1950 ndipo ilipotungwa Sheria ya Utulivu wa Umma, ambayo ingali katika vitabu vya sheria vya Kenya. Kudai kwamba Kolloa ndiyo iliyoizaa ni kupita kiasi, kwa kuwa Mei ya mwaka ule Nairobi nayo ilikuwa katika mgomo mkubwa. Inatosha kusema kwamba sheria ile ilitungwa na watu wenye hofu mbili kwa wakati mmoja, ya mjini na ya mlimani, na kwamba mkutano wa hadhara tangu hapo ukawa kitu cha kuombewa leseni.

Uhuru ulileta tumaini lisilodumu. Dini ya Msambwa iliandikishwa mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena mwaka 1968, na Masinde akawa mgeni wa mara kwa mara wa magereza ya Jamhuri kama alivyokuwa wa Dola hadi karibu na kufa kwake mwaka 1987. Katika sheria, neno "Mfalme" lilikwisha kufutwa likawekwa "Jamhuri", mengine yakaachwa. Tangazo la kutawanya watu bado hutolewa kwa namna ambayo afisa ataiona inafaa. Machifu nao waliendelea kuwa na madaraka ambayo sheria yao ilikuwa imeyarithi moja kwa moja kutoka ile ya 1912, mpaka yalipopunguzwa mwaka 1997.

Inafaa kusimama kidogo hapa, kwa kuwa mtu aweza kudhani kwamba Wabukusu hawakuwa na kanuni za utulivu wa mkutano. Wanazo, na mojawapo ni nzito kuliko za serikali. Mzee mwenye heshima akifa, baada ya mazishi huitwa msemaji wa kumuse, mtu wa ukoo wenye kipawa hicho, avae ngozi na kushika fimbo, atembee katikati ya watu walioketi akisimulia asili ya koo, misukosuko iliyopita na mambo ya kuepuka. Watu humsikiliza kwa utulivu. Aweza kuwakemea wakubwa, aweza kutaja ugomvi wa ardhi kwa majina, naye hasumbuliwi. Kinachomlinda si leseni. Ni kule kukubalika kwamba maneno makali yanayosemwa mahali pake ni sehemu ya mulembe. Hali kadhalika, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, yaani 2022, 2024 na kadhalika, Agosti hujaa njuga na nyimbo za tohara, na makundi ya vijana hukimbia barabarani wakiimba mambo ambayo siku nyingine yangewapeleka kituoni. Sheria ya Utulivu wa Umma haikuwa kipofu: mikutano ya kijamii na ya utamaduni imewekwa kando na ile inayodhibitiwa. Lakini ni nani atakayeamua kwamba wimbo fulani ni wa utamaduni, si wa siasa? Polisi aliyezaliwa kwingine, asiyejua Lubukusu, husikia kelele tu.

Kelele zenyewe zina sheria zake mjini. Mabaraza ya manispaa ya Kitale na Bungoma, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, yalikuwa na uwezo wa kutunga sheria ndogondogo juu ya kero, na tangu uchaguzi wa mwaka 2013 kazi hiyo imo mikononi mwa serikali za kaunti, ambazo Katiba ya 2010 imezipa udhibiti wa kelele na kero nyinginezo za umma. Kanuni za kitaifa za mwaka 2009 nazo zinakataza kelele kubwa isiyo ya lazima. Aathirikaye kwanza ni mpiga debe wa stendi ya matatu, mchuuzi, na mhubiri wa sokoni, watu ambao sauti ndiyo jembe lao. Mwenye kipaza sauti cha baa ana wakili.

Ikiwa sheria hizi zote ni za kulinda amani, ingetazamiwa zionekane siku amani yenyewe ilipovunjika. Tangu mwishoni mwa 1991 na katika 1992, mapigano ya kikabila yaliziteketeza sehemu za Trans Nzoia na za Bungoma kwenye miteremko ya Elgon. Nyumba zilichomwa na maelfu wakakimbilia makanisani na kwenye vituo vya biashara. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya miaka hiyo nchini na ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2002, ilionyesha jinsi wanasiasa na maafisa wa utawala walivyohusika au walivyozembea. Kisha, kati ya 2006 na 2008, mlima uliona wanamgambo wa SLDF na, Machi 2008, operesheni ya jeshi iliyoitwa Okoa Maisha, ambayo nayo iliacha malalamiko ya mateso. Jina la operesheni hiyo ni la Kiswahili safi. Tangu Chetambe, vyombo vya dola vimekuwa hodari wa kuona uelekeo wa fujo katika hotuba, na wazito wa kuona fujo yenyewe katika moto.

Mabadiliko yamekuwapo na si ya kubezwa. Mwaka 1997 leseni ya mkutano iliondolewa, ikawekwa taarifa inayopelekwa polisi siku tatu kabla au zaidi. Katiba ya 2010, ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kukutana na kuandamana kwa amani bila silaha. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji barani hazipatani na Mkataba wa Afrika. Haya yote yameandikwa kwa lugha za juu. Kwa mtu wa Kimilili au wa Kwanza, hata hivyo, mlango wa sheria ni mdomo wa karani.

Na mlango huo una sheria yake nzuri, ya zamani kuliko Katiba. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kwamba shitaka na viungo vyake vyote muhimu vielezwe kwa lugha ya mshitakiwa au lugha anayoielewa, na kwamba akikubali kosa, maneno yake yaandikwe kwa karibu iwezekanavyo kama alivyoyasema. Kiungo muhimu cha kifungu cha 95 ni ule uelekeo wa kuivunja amani. Anayefasiri "kufanya fujo" amekiacha kiungo hicho nje, na kwa kipimo cha Adan ukiri uliopatikana hivyo una kasoro.

Tafsiri kamili si ngumu. "Kufanya fujo kwa namna inayoelekea kusababisha uvunjaji wa amani" ni maneno tisa, na yanasomeka bila kukata pumzi. Ugumu uko baadaye, katika kulifasiri neno la mwisho kwa asiyejua Kiswahili vizuri. Karani akiweka mulembe, mshitakiwa huenda akajibu, kwa haki kabisa, kwamba hakuna salamu aliyoikataa. Akiliacha neno amani kama lilivyo, huenda akajibu kwamba yeye hana amani ya kuvunja, kwa kuwa hajapewa. Na akijibu, kama wengi wangejibu, "Ni kweli nilipiga kelele, alitaka kuling'oa bikoni la shamba langu", hakimu hana budi kuyaandika maneno hayo yote kumi, kisha aamue kama mtu huyo amekiri kosa au amelikana.